Mcheza Kwao Hutunzwa. Na Mcheza Ugenini Je?

Ndugu msomaji, majuma machache yaliyopita alinijia barazani jirani yangu mmoja, fundi cherehani, mtu wa makamo mwenye mke na watoto wanne. Tangu nimfahamu sijapata kumwona akihangaika, lakini siku hiyo hata chai aliyoletewa aliiacha ikapoa. Alinieleza kwamba kazi ya kushona imepungua mikononi mwake, kwa kuwa nguo zilizokwisha kushonwa zimejaa madukani na mitumba imetapakaa masokoni, na kwamba amefikiri kuweka mkasi chini ajifunze ufundi wa umeme katika darasa la jioni. Ada ameipata. Mkewe hakukataa. Kilichomzuia ni jambo moja tu, nalo alilisema huku akitazama chini.

"Bwana mwandishi," aliniambia, "mwalimu wa darasa lile ni rika la mwanangu wa kwanza. Mimi hapa mtaani naitwa fundi. Kule nitaitwa nani?"

Sikuwa na jibu la papo kwa papo. Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutunzwa, na kila aliyepata kuhudhuria ngoma anaielewa maana yake. Mchezaji akiwa kwao, jamaa na majirani humwendea pale pale uwanjani, wakambandika noti kwenye paji la uso, hata kama siku hiyo miguu yake ni mizito. Lakini methali hiyo haikusema lolote juu ya mtu ambaye amekwisha kutunzwa na kuheshimiwa kwao, kisha akaondoka kwenda kucheza ngoma asiyoijua, mbele ya watu wasiomdai wala wasiodaiwa naye.

Leo basi, msomaji, napenda tumtazame mtu mmoja aliyefanya hivyo hadharani. Naye ni Michael Jordan, mcheza kikapu wa Marekani.

Wapenzi wa mpira wa kikapu hawahitaji kujulishwa kwake. Kwa faida ya wasomaji wengine nitasema machache. Mmarekani huyu mweusi alizaliwa mwaka 1963, akakulia mjini Wilmington katika jimbo la North Carolina. Alijiunga na timu ya Chicago Bulls mwaka 1984. Kwa misimu saba mfululizo, hadi kufikia mwaka 1993, hapakuwa na mchezaji katika ligi ya kulipwa ya nchi yake aliyemzidi kwa wastani wa pointi katika mchezo mmoja. Aliiongoza timu yake kutwaa ubingwa mwaka 1991, 1992 na 1993, na alikuwa amevishwa medali mbili za dhahabu za Olimpiki, ya Los Angeles mwaka 1984 na ya Barcelona mwaka 1992. Kwa kifupi, alikuwa kwao, na alitunzwa hata hapakuwa na mahali pa kubandika noti nyingine.

Ndipo msiba ulipoingia. Julai 23, 1993, baba yake mzazi, James Jordan, aliuawa kwa risasi baada ya kuegesha gari kando ya barabara kuu ili apumzike katika safari ya usiku. Maiti yake iliokotwa siku kadhaa baadaye katika kinamasi cha jimbo la jirani. Oktoba 6 mwaka huo huo mwanawe alitangaza kuwa ameacha mpira wa kikapu. Watu wakiwa bado katika mshangao huo, Februari 7, 1994, alitia sahihi mkataba wa kuchezea Chicago White Sox, timu ya mchezo mwingine kabisa uitwao besiboli. Zilikuwa zimebaki siku kumi tu atimize umri wa miaka 31.

Kwa nini besiboli? Mwenyewe ameeleza kuwa huo ulikuwa mchezo alioupenda baba yake, na kwamba wawili hao walikuwa wamekwisha kulizungumza jambo hilo kabla mauti hayajawatenganisha. Utotoni Jordan alikuwa hodari katika mchezo huo. Lakini aliuacha alipokuwa bado mwanafunzi wa sekondari, na sasa ilikuwa imepita miaka 13.

MWANAFUNZI MTU MZIMA

Yafaa tuueleze mchezo wenyewe, kwani ugumu wake ndio kiini cha habari hii. Besiboli ni jamaa ya kriketi. Mrushaji husimama umbali wa zaidi kidogo ya mita 18, akavurumisha mpira mgumu wenye ukubwa wa chungwa kwa mwendo unaoweza kuzidi kilometa 140 kwa saa. Mpigaji ameshika rungu la mti la mviringo, na hana hata nusu sekunde ya kuamua kama mpira ule unakuja wima au utapinda njiani, na kama aupige au auache. Kazi hiyo ni ngumu kiasi kwamba mpigaji anayefaulu mara 30 katika kila 100 huhesabiwa kuwa nyota. Jordan alitoka katika mchezo ambamo alizoea kufunga karibu nusu ya mitupo yake.

Tena kuna jambo ambalo kila mfanyakazi aliyepata kubadili kazi atalitambua. Jordan ana kimo cha karibu mita 2. Kikapuni kimo hicho kilikuwa neema. Katika besiboli kiligeuka mzigo, kwa sababu eneo ambalo mrushaji anaruhusiwa kulilenga hupimwa kwa mwili wa mpigaji, kuanzia magotini hadi kifuani. Mpigaji akiwa mrefu, shabaha inakuwa kubwa. Kile kile kilichomtukuza mtu katika kazi ya kwanza kilimwumbua katika kazi ya pili.

Alianza mazoezi mjini Sarasota, Florida, chini ya mwalimu wa upigaji aitwaye Walt Hriniak. Alifika asubuhi na mapema kabla ya wenzake, na wenzake walipoondoka yeye alibaki akipiga. Mikono iliyokuwa imezoea mpira mkubwa wa ngozi ilitoka malengelenge kwa kushika rungu. Mazoezi yalipokwisha hakupewa nafasi katika timu kubwa. Alipelekwa Birmingham Barons, timu iliyokuwa ngazi mbili chini, katika mji wa jimbo la Alabama ambao mwaka 1963 ulitikiswa na harakati za Wamarekani weusi za kudai haki zao. Mshahara wake katika timu hiyo ulikuwa dola 850 kwa mwezi, na posho ya chakula safarini dola 16 kwa siku. Bingwa wa dunia sasa alisafiri kwa basi usiku kucha pamoja na vijana, wengi wao wadogo kwake kwa miaka minane au kumi, ambao katika mchezo huo walikuwa kaka zake.

Mwanzoni mambo yalielekea kuwa mazuri. Kulikuwa na wakati ambapo katika michezo 13 mfululizo hakukosa angalau pigo moja safi. Baadaye warushaji wakagundua udhaifu wake. Mpira ulionyooka aliuweza, mpira uliopinda ulimshinda. Kuanzia hapo hawakumpa ila iliyopinda. Msimu ulipokwisha, katika michezo 127, alikuwa amefaulu mara 88 katika majaribio 436, yaani mara 20 katika kila 100. Mara 114 alitolewa uwanjani bila kuugusa mpira ipasavyo. Alipolinda uwanja alifanya makosa 11. Upande wa sifa, alifanikiwa mara 30 kunyakua kituo kwa mbio mrushaji akiwa amepitiwa, na mapigo yake yaliiletea timu pointi 51.

Wacheshi hawakukosa la kusema. Hata kabla msimu haujaanza, gazeti moja mashuhuri la michezo la huko Marekani lilimweka katika ukurasa wake wa mbele na kumtaka afungashe virago, likidai kuwa anauaibisha mchezo. Tuseme ukweli, si kila lawama ilitoka katika husuda. Wapo waliouliza kama nafasi ile hakunyang'anywa kijana mmoja asiye na jina, aliyekuwa akiitolea jasho kwa miaka. Swali hilo lilikuwa na haki yake, na jina kubwa la Jordan haliwezi kulifuta. Lakini wale waliokuwa karibu naye waliona jambo ambalo wasomaji wa magazeti hawakuliona. Kocha wake wa Birmingham, Terry Francona, ambaye baadaye aliiongoza timu ya Boston kutwaa ubingwa wa besiboli mwaka 2004 na 2007, amesema mara nyingi kwamba kama Jordan angeendelea angefika katika ligi kubwa. Na majira ya baada ya msimu huo, alipopelekwa Arizona kujinoa pamoja na vijana waliotazamiwa kuwa nyota wa kesho, alifaulu mara 25 katika kila 100. Bado hakuwa nyota. Lakini alikuwa amepanda.

Kuna siku moja katika msimu huo ambayo napenda uikumbuke, msomaji, hata ukiyasahau hayo mengine. Ilikuwa Julai 30, 1994. Jordan alikuwa amekwisha kujaribu zaidi ya mara 300 bila hata mara moja kuupeleka mpira nje ya ua wa uwanja, pigo ambalo humpa mpigaji ruhusa ya kuvizunguka vituo vyote kwa raha zake. Usiku huo aliupata, ukavuka ua. Alipokuwa akimaliza mzunguko wake alionyesha kidole juu mbinguni. Siku iliyofuata, Julai 31, ingekuwa siku ya kuzaliwa ya baba yake.

Aliyekuwa ameuona mchezo mzima wa mtu yule kuwa kichekesho, nadhani hapo alinyamaza.

MGOMO

Wengi husimulia habari hii kana kwamba Jordan alishindwa, akarudi kwao. Husahau jambo ambalo hasa linatuhusu sisi wafanyakazi. Agosti 12, 1994, wachezaji wa ligi kubwa ya besiboli waligoma, wakipinga mpango wa wenye timu wa kuweka kikomo cha mishahara. Mgomo uliendelea hata fainali za mwaka huo zikafutwa. Ulipokaribia msimu wa 1995, wenye timu waliamua kujaza viwanja kwa wachezaji wa badala, ili mgomo uvunjike.

Hebu jiweke mahali pa Jordan. Huko chini alikokuwa, mlango wa kupandia ulikuwa haujafunguka. Sasa ulifunguliwa wazi, na jina lake lingejaza uwanja wowote. Hakuwa mwanachama wa chama cha wale waliogoma, kwa kuwa hakuwa amefika ligi kubwa. Zaidi ya hayo, mwenye White Sox, Jerry Reinsdorf, ndiye huyo huyo mwenye Chicago Bulls, tajiri wake wa miaka mingi. Pamoja na hayo yote alikataa kutumiwa kuwavunjia wenzake mgomo, na Machi 1995 akaiacha besiboli.

Mtu anaweza kuwa mwanafunzi katika kazi, akawa mwalimu katika utu.

KURUDI NAKO NI KUJIFUNZA

Machi 18, 1995, Jordan alitangaza kurudi kikapuni, na kesho yake akacheza mjini Indianapolis. Alivaa namba 45, ile aliyoivaa katika besiboli, badala ya 23 yake iliyojulikana. Siku hiyo alitupa mitupo 28, ikaingia saba tu, na timu yake ikafungwa. Mwili uliokwisha kuzoezwa rungu ulikuwa umekisahau kikapu kwa sehemu. Ingawa siku chache baadaye alifunga pointi 55 katika mchezo mmoja mjini New York, msimu huo Chicago ilitolewa mapema. Kwa hiyo hata aliporudi kwao, kwanza ilimbidi awe mwanafunzi tena. Lakini safari hii hakuwa mgeni wa uanafunzi. Msimu uliofuata timu yake ilishinda michezo 72 katika 82, ikatwaa ubingwa wa mwaka 1996, kisha wa 1997 na wa 1998.

Sisemi kwamba besiboli ndiyo iliyomletea ubingwa huo. Nisemalo ni kwamba haikumnyang'anya kitu. Aliondoka bingwa, akakubali kuwa wa mwisho, na ubingwa wake ulimngoja mahali pale pale alipouacha.

Wala haimaanishi kwamba kila ahamaye hufika. Ashleigh Barty wa Australia aliacha tenisi mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 18, akacheza kriketi ya kulipwa katika timu ya Brisbane Heat, akarudi tenisi mwaka 2016, na baadaye akashinda mashindano makuu ya Ufaransa mwaka 2019, Wimbledon mwaka 2021 na ya kwao Australia mwaka 2022. Kwa upande mwingine, mkimbiaji Usain Bolt wa Jamaika, mtu mwenye kasi kuliko wote waliopata kupimwa, alijaribu kandanda ya kulipwa mwaka 2018 katika timu ya Central Coast Mariners, huko huko Australia. Alifunga mabao mawili katika mchezo wa kirafiki, akaondoka bila mkataba. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na Bolt alishindwa bila kupungukiwa chochote.

TUNAJIFUNZA NINI?

Sasa turudi nyumbani kwetu. Wengi wetu hatutacheza kikapu wala besiboli. Lakini ni mara ngapi kazi imemponyoka mtu mzima mikononi, au yeye akaichoka, akalazimika kuanza upya? Mpiga chapa ameikuta kompyuta. Dereva ameambiwa macho hayafai tena. Mama aliyeuza maandazi miaka 15 anataka kujifunza kutunza hesabu. Kwa watu kama hao nina mambo matatu.

La kwanza ni kujua gharama. Tusidanganyane kwa mfano wa tajiri. Jordan alipokuwa akilipwa dola 850 kwa mwezi, mshahara wake mnono wa kikapu uliendelea kumfikia, kwani Reinsdorf aliendelea kuuheshimu mkataba wake. Wewe na mimi hatuna Reinsdorf. Kwa hiyo baba au mama anayetaka kubadili kazi hana budi kuketi na wenzake wa nyumbani, wakahesabu kodi ya nyumba, ada, unga na mafuta ya taa, na wakaafikiana nani atashika kipi kwa miezi mingapi. Afadhali mkasi ushone mchana na daftari lifunguliwe jioni, kuliko kuutupa mkasi kwa hasira.

La pili ni kukubali kuinama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na ajuaye hilo zaidi ni mtu mzima, kwa kuwa mgongo wake umekwisha kuzoea kusimama. Mwalimu akiwa kijana, bado ni mwalimu. Heshima ya umri ataipata njiani na nyumbani. Darasani heshima ni ya ajuaye. Wala asitazamie kwamba sifa zake za zamani zitamsaidia kila mahali. Huenda zikawa kama kimo cha Jordan, zikaongeza ukubwa wa shabaha.

La tatu ni letu sisi watazamaji. Mtu mzima anayejifunza anashindwa hadharani, na kicheko chetu ndicho mpira uliopinda unaomtoa uwanjani. Tukumbuke kwamba hesabu ya kwanza haisemi yote. Aliyefaulu mara 20 katika 100 mwezi wa Septemba alifaulu mara 25 kabla mwaka haujakwisha. Mke asimsimange mumewe, mume asimkatishe tamaa mkewe, na watoto wasifanye daftari la mzazi kuwa mzaha.

Hayo ndiyo niliyomweleza jirani yangu, si kwa siku moja, kwa kuwa yeye hakuijua besiboli, na ilinibidi nimchoree uwanja kwa kijiti mchangani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: "Na yule baba yake, alifariki kabla hajamwona akiupiga nje?" Nikamjibu kuwa ndivyo. Akatikisa kichwa, akaaga.

Jumatano iliyopita nilipita mlangoni kwake baada ya sala ya isha. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Yeye alikuwa ameketi mkekani chini ya taa, na mbele yake mwanawe wa darasa la saba ameshika daftari, akimwuliza maswali juu ya nyaya za umeme, upi wa kuleta na upi wa kurudisha. Baba alijibu, akakosea. Mtoto alimsahihisha kwa adabu, akamrudia swali lile lile.

Sikubisha hodi. Niliona nisiwakatize.